Kununua begi la mgongoni la safari: anza na kile ambacho fundi hawezi kukishona

Jumapili pale Kibuye, Kisumu, utakuta begi la mgongoni limening'inia kwenye kamba ya mtumba, na mwendo mfupi kutoka hapo, dukani Oginga Odinga Street, liko jingine linalofanana nalo kama pacha, jipya, karatasi ya bei bado imo. Bei zikipishana mara mbili au tatu, huenda la mtumba ndilo litakalodumu miaka kumi, au huenda lilianza kuoza kwa ndani kabla halijapanda meli. Rangi na jina lililodariziwa kifuani havitakuambia ni lipi.

Swali linalosaidia ni hili: kasoro ninayoiona, fundi viatu ataimaliza, au hataiweza? Zipu isiyoshika, bizimu iliyovunjika, mfuko wa wavu uliochanika: hizo ni kazi ya fundi, tena ya bei ndogo, na kwako wewe ni sababu ya kushusha bei. Lakini kitambaa ambacho utando wake wa ndani unanata, mgongo usiolingana na wako na sponji iliyokufa, hizo ukinunua umenunua. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na visivyorekebishika, halafu unashuka hadi vinavyorekebishika.

Hatua ya 1: Safari kwanza, lita baadaye

Namba ya lita ndiyo inayodanganya kuliko zote kwenye begi. Mabegi mengi ya bei nafuu huandikwa 70L au 80L kwa herufi kubwa, na ukilijaza unashangaa nguo za siku tano hazienei. Nenda na futi ya fundi nguo. Pima urefu, upana na kina kwa sentimita, zidisha, kisha gawa kwa 1,000. Begi la sentimita 60 kwa 32 kwa 22 linatoa 42,240, yaani lita 42, hata kama ubavuni limeandikwa 70L. Mifuko ya nje huongeza lita chache tu, na pembe zilizoviringana hupunguza nyingine. Ukikuta tofauti kubwa namna hiyo, jiulize pia ni nini kingine kimeandikwa pale ambacho si kweli.

Kupanda Menengai au Longonot na kurudi siku hiyohiyo kunahitaji lita 20 hadi 25: maji, chakula, sweta, koti la mvua. Kwa siku mbili tatu Nairobi au Mombasa, lita 28 hadi 35 zinatosha. Wiki nzima ya kuzunguka, tuseme Kakamega, Kitale na kurudi kupitia Eldoret, ni lita 38 hadi 42 kama unakubali kufua katikati ya safari. Mlima Elgon kwa siku tatu nne, ukibeba hema na mfuko wa kulalia, unadai lita 55 hadi 65, maana kilele cha Koitoboss kiko mita 4,222 na baridi ya huko inataka nguo nene, na nguo nene hula nafasi.

Ukisitasita kati ya saizi mbili, chukua ndogo. Begi kubwa halikai tupu: utalijaza. Isitoshe, begi la lita 35 unalipakata mapajani kwenye matatu ya abiria 14, lakini la lita 55 litatupwa nyuma chini ya magunia ya watu au utaambiwa ulilipie kiti. Anayepanda ndege Kisumu kwenda Nairobi asome masharti ya tiketi yake kuhusu mzigo wa mkononi, vipimo na uzito, kabla ya kununua. Kilo 7 ni kiwango cha kawaida, na begi lenye kilo 2.5 likiwa tupu limeshakula zaidi ya theluthi yake. Begi zuri la lita 40 huwa kati ya kilo moja na moja na nusu.

Kuna pia namna ya kufunguka. Linalofunguka lote kama sanduku, zipu ikizunguka pande tatu, ndilo linalofaa kwa gesti na mabasi, kwa sababu unaona kila kitu bila kumwaga. Linalofungwa kwa kamba juu ni la mlimani. Lina zipu chache za kuharibika na mvua hailiingii kirahisi, lakini soksi za chini utazipata baada ya kutoa vyote vilivyo juu yake.

Hatua ya 2: Pima mgongo wako nyumbani

Watu hununua begi kwa urefu wao wakati kinachohusika ni urefu wa kiwiliwili. Mrefu mwenye miguu mirefu anaweza kuwa na mgongo mfupi kuliko jirani yake mfupi.

Inamisha kichwa mbele. Kwenye shina la shingo, nyuma, kuna mfupa unaojitokeza kuliko mingine. Hapo ndipo mwanzo. Kisha shika kiuno kwa mikono miwili, vidole gumba vikiwa nyuma, na usukume chini hadi vikae juu ya mifupa ya nyonga. Mstari unaounganisha vidole gumba hivyo viwili ndio mwisho. Mtu wa pili apime kwa futi kutoka mfupa wa shingo hadi kwenye mstari huo, akifuata mbonyeo wa mgongo. Watu wazima wengi huangukia kati ya sentimita 40 na 56. Andika namba yako kwenye simu.

Sokoni, pima begi kutoka pale mikanda ya mabega inapotokea hadi katikati ya mkanda wa kiunoni. Namba hizo mbili zikikaribiana, begi litakaa. Begi likiwa refu kuliko mgongo wako kwa sentimita tano au zaidi, mkanda wa kiunoni utaning'inia matakoni na uzito wote utabaki mabegani. Likiwa fupi, mkanda utakubana tumbo. Mengine yana mgongo unaorekebishwa kwa velkro au ngazi ya vitanzi. Hayo ni ya kuyatafuta, hasa kama begi litatumiwa na watu wawili nyumbani. Yaliyoshonwa kwa ajili ya wanawake huwa na mgongo mfupi zaidi na mikanda iliyopinda kidogo kukwepa kifua. Mwanamume mwenye mgongo mfupi naye hukaa nayo vizuri, asione haya.

Hatua ya 3: Wapi, na saa ngapi

Mtumba hupangwa kwa daraja. Zile nzuri zinazochaguliwa mara tu bale inapofunguliwa huitwa kamera, na hazikai. Kibuye siku yake kubwa ni Jumapili, na anayefika saa mbili asubuhi haoni vitu sawa na anayefika saa nane mchana. Ukienda katikati ya wiki, Kibuye au kwenye mitumba ya Nakuru, vitu ni vichache lakini muuzaji ana muda wa kukuachia ulikague begi taratibu. Kwa begi, ambalo lina mambo mengi ya kutazama kuliko shati, utulivu huo una faida yake.

Dukani kuna ujanja mmoja wa kujua. Begi lililoanikwa nje ya mlango kuvutia wateja limepigwa jua miezi kadhaa. Jua hula nyuzi za nailoni na za poliesta, nailoni zaidi, na uzi wa kushonea hufa kabla ya kitambaa. Linganisha rangi ya juu na ile iliyo ndani ya mkunjo wa mfuko. Kama nyekundu imekuwa waridi, omba lililo stoo. Usikubali punguzo kwa lile la mlangoni.

Hatua ya 4: Lipindue, ndani iwe nje

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo wengi hupita haraka.

Kitambaa cha begi kwa kawaida ni nailoni au poliesta iliyopakwa utando wa plastiki laini upande wa ndani ili maji yasipite. Utando huo huzeeka. Unyevu wa hewa huuvunja taratibu, na joto huharakisha. Begi lililofungiwa kwenye kontena, kisha kwenye bale, limepata vyote viwili. Pindua begi na upitishe kiganja ndani, hasa chini kabisa na kwenye kifuniko cha juu. Kitambaa kikiwa kinanata kama gundi ya jana, utando umeanza kufa. Kwaruza kwa ukucha: vikitoka vipande kama ngozi ya mjusi anayejichubua, umeshakufa. Nusa pia. Utando unaooza una harufu kali ya uchachu inayokaribia matapishi, na haitoki kwa sabuni wala jua. Ukiipata harufu hiyo, lirudishe kwenye kamba, hata kama ni bei ya kutupa. Unaweza kuusugua utando wote utoke, lakini utabaki na begi linalovuja kama chujio la chai.

Unene wa uzi hupimwa kwa denia, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Utaona 210D, 420D, 600D au 1000D kwenye lebo. Usiruke kwenye namba kubwa tu. Nailoni ya 420D inaweza kustahimili msuguano kuliko poliesta ya 600D, kwa sababu nailoni ni ngumu zaidi kwa uzito uleule. Kwa begi la mabasi, 420D ya nailoni au 600D ya poliesta mwilini, na kitambaa kinene zaidi chini, ni mpango mzuri. Vitambaa vyenye mistari ya miraba midogo vimefumwa hivyo ili tundu likitokea lisikimbie. Hata chepesi cha 210D cha aina hiyo kinafaa. Turubai la pamba linalotumiwa na baadhi ya mafundi wetu ni imara na linashoneka vizuri, ila likilowa hunywa maji na kuwa zito, na kulikausha wakati wa mvua za Machi hadi Mei ni shughuli.

Bado unataka uhakika? Mimina kijiko kimoja cha maji kwenye kitambaa upande wa nje, subiri dakika mbili, uguse ndani. Muuzaji mzuri hatakasirika. Mabegi mapya ya bei ya chini hushindwa hapa mara nyingi, kwa kuwa utando wake ni mwembamba mno au haupo kabisa.

Ukiwa bado ndani, fungua mikunjo ya mishono na utazame kama kuna vidoa vyeusi vidogo vilivyopangana. Hiyo ni alama ya kunguni. Maji ya moto ya kuwaua huharibu utando, kwa hiyo begi la namna hiyo achana nalo.

Hatua ya 5: Mishono, na pale mkanda unapoingia

Shika vipande viwili vilivyounganishwa, uvivute kutengana kwa nguvu ya wastani. Ukiona uzi umejitokeza kama meno na mwanga unapita, mshono ni mlegevu. Hesabu mishono ndani ya sentimita mbili na nusu: saba hadi kumi ni sawa. Mitatu minne haishiki. Kumi na tano nayo ni mbaya, kwa maana sindano imetoboa kitambaa kama kingo za stempu, na kitachanika hapohapo.

Ndani, tazama kitambaa kilichobaki nje ya mshono. Kikiwa chini ya nusu sentimita, nyuzi zitachomoka siku ukijaza begi. Kikiwa karibu sentimita moja na kimefunikwa kwa utepe, aliyelishona alijali. Utepe huo ndio huachwa kwanza kiwanda kinapobana gharama, kwa hiyo ni dalili nzuri ya jinsi sehemu usizoziona zilivyotengenezwa.

Kisha mikanda ya mabega. Mahali inapoingia mgongoni panabeba mzigo wote kila unaponyanyua begi. Tafuta mshono mnene wa kwenda na kurudi, au mraba wenye msalaba ndani yake. Mstari mmoja tu wa cherehani hapo ni begi la mtoto wa shule ya chekechea. Chini, utepe wa mkanda uwe umeshikwa na kipande cha pembetatu kilichoshonwa ubavuni, usiwe umechomekwa tu kwenye mshono. Mkanda uliokatika unaweza kushonwa upya na fundi viatu kwa shazia na uzi wa nailoni uliopakwa nta, tena ukawa imara kuliko ulivyotoka kiwandani, mradi kitambaa kinachouzunguka bado ni kizima. Kikiwa kimechanika, fundi hana pa kushikiza.

Hatua ya 6: Mgongo, sponji na vyuma vilivyopotea

Bonyeza sponji ya mkanda wa bega kwa kidole gumba, hesabu hadi kumi, uachie. Irudi yenyewe. Ikibaki na shimo, imekufa. Kisha ibane kati ya kidole gumba na cha shahada: vikikaribia kukutana, utaisikia mifupani baada ya kilomita mbili. Sponji laini kama ya godoro hupendeza dukani na kukuangusha njiani. Ngumu kidogo ndiyo inayofaa.

Simamisha begi chini na ulisukume kutoka juu. Lisilo na fremu litajikunja kama gunia tupu. Hilo halina neno kwa mzigo wa hadi kilo 7 au 8. Zaidi ya hapo unahitaji ubao wa plastiki au vyuma vya alumini mgongoni ili uzito ushuke hadi kiunoni.

Kwenye mtumba, vyuma hivyo mara nyingi havimo. Pekua mgongo kwa ndani: ukiona mifereji miwili mirefu ya kitambaa, mitupu, au mfuko mpana bapa usio na kitu, ujue kuna kilichotolewa. Muuzaji huenda hajui, na hapo ndipo faida yako ilipo. Fundi wa madirisha ya alumini anaweza kukukatia pao mbili bapa za upana wa kama sentimita 2.5 na unene wa milimita 3, urefu wa mfereji ukitoa sentimita moja. Mwambie azungushe ncha kwa tupa, kisha uzifunge kwa plasta ya nguo ili zisitoboe kitambaa. Zikunje taratibu juu ya goti zifuate mbonyeo wa mgongo wako. Ukimaliza, begi la kamera lisilo na vyuma limekuwa begi kamili.

Kagua vingine vinavyopotea: kifuniko cha juu, mkanda wa kiunoni unaotoka, mkanda wa kifuani, nusu moja ya bizimu. Mkanda wa kiunoni ndio mgumu kuupata peke yake. Bizimu hununuliwa kwa kipimo cha utepe, nacho ni milimita 20, 25, 38 au 50. Peleka utepe wenyewe kwa muuzaji, usikisie.

Hatua ya 7: Zipu

Zipu huwakatisha watu tamaa kuliko inavyostahili. Igawe mara mbili: meno na slaida, yaani kile kichwa unachokivuta. Slaida ikichakaa, midomo yake hutanuka na meno hubaki wazi nyuma yake baada ya kupita. Kwa zipu za meno ya kusokotwa, ambazo ndizo nyingi kwenye mabegi, tiba ya kwanza ni koleo: bana ubavu mmoja wa slaida kidogo, halafu mwingine, jaribu, rudia. Ukibana kwa pupa inapasuka. Isipokubali, fundi anaweka slaida mpya, kazi ya dakika chache. Ila meno yakiwa yameng'oka au yamelainishwa na moto, zipu nzima itabidi ibadilishwe, na ile ya kuzunguka begi zima ina maana ya kufumua utepe wote wa ndani. Hiyo ni kazi ya nusu siku. Ihesabu kwenye bei au uache.

Nyuma ya slaida mara nyingi kuna namba: 3, 5, 8 au 10. Kubwa ndiyo nene. Mlango mkuu wa begi la lita 40 uwe na 8 au 10. 5 ni ya mifuko ya mbele, na 3 kwenye begi la safari haina kazi. Jina YKK, kampuni ya Kijapani ya zipu, kwenye slaida ni ishara nzuri, lakini huigizwa, kwa hiyo amini mkono wako kuliko maandishi. Jaza begi kwa nguo za pale kibandani, funga na kufungua mara kumi, na uangalie kona. Zipu zote hupita vizuri kwenye mstari mnyoofu begi likiwa tupu. Kona ya begi lililojaa ndiyo inayosema ukweli. Mlango mkuu uwe na slaida mbili zenye matundu ya kupitishia kufuli dogo.

Hatua ya 8: Livae likiwa na mzigo

Begi tupu hukaa vizuri kwa kila mtu. Muombe muuzaji viatu na jinzi za kutosha, au kama uko dukani karibu na supamaketi, pakiti tano za unga za kilo mbili zinakupa kilo 10 kamili.

Legeza mikanda yote. Vaa. Funga mkanda wa kiunoni kwanza, sponji yake ikalie juu ya mifupa ya nyonga, ukaze. Ndipo ukaze ya mabega hadi ikuguse bila kukuvuta. Kama kuna vikanda vidogo vinavyotoka juu ya bega kwenda begini, vikaze mpaka vilale kwa mteremko wa kama nyuzi 45. Mwisho kabisa funga wa kifuani, uweze kuvuta pumzi. Sasa pitisha vidole viwili chini ya mkanda wa bega, kwa juu. Vikipita bila kupigana, uzito uko kiunoni unakotakiwa. Inama kama unafunga kamba ya kiatu, panda ngazi, tembea dakika kumi. Ganzi mikononi, au kichwa kugonga begi ukitazama juu, ni kosa la saizi na halitazoeleka.

Na usisahau jumla: begi na vilivyomo visizidi sehemu moja ya tano ya uzito wako kwa kutembea siku nzima. Mtu wa kilo 60, kilo 12.

Hatua ya 9: Bei

Hesabu kwa safari. Tuseme begi la shilingi 1,800 linachanika baada ya safari sita: kila safari imekugharimu 300. La 4,200 likienda safari sitini, ni 70. Lakini anayesafiri mara moja kwa mwaka kwenda shagoo Krismasi hahitaji hilo la 4,200; atazeeka yeye na begi lingali jipya, na utando wake umeoza kabatini.

Kwenye mtumba, taja kasoro ukiwa umezishika mkononi, moja moja, na uziwekee gharama. Bei hizi ni za mfano tu:

"Mama, hili begi pesa ngapi?"

"Elfu tatu mia tano, kastoma. Hiyo ni kamera."

"Ni kamera kweli. Lakini tazama, slaida haishiki na vyuma vya mgongo havimo. Kwa fundi nitaacha mia nane. Nichukue na elfu mbili mia tatu."

"Ongeza mia tatu twende."

Hapo limefika 2,600, na ukiongeza fundi ni 3,400 kwa begi ambalo dukani lingekuwa mbali zaidi. Usiliponde begi lenyewe. Muuzaji aliyelipa bale kwa pesa nyingi hapendi kudharauliwa, na atakuachia ukaondoke. Kasoro ambayo fundi haiwezi usiitumie kuomba punguzo, kwa sababu ukilipata utalazimika kununua.

Dukani omba risiti, na kama wamekubali kurudishiwa ndani ya siku kadhaa, iandikwe hapohapo kwenye risiti. Ukilipa kwa M-Pesa, soma jina linalojitokeza kabla ya kuweka namba ya siri.

Hatua ya 10: Kabla ya safari ya kwanza

Lioshe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya kipande na brashi laini. Usitumie Jik wala mashine ya kufulia. Lianike kivulini likiwa wazi, mdomo chini. Choma ncha za tepe zinazochomoka nyuzi kwa njiti ya kiberiti, sekunde moja tu.

Mvua ya Kakamega haikuombi ruhusa, na mfuniko wa mvua unaovalishwa begi hauzuii maji yanayoteremka mgongoni. Kinga ya kweli iko ndani. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na katika mbuga na misitu inayohifadhiwa plastiki za kutumia mara moja hazitakiwi tangu Juni 2020, kwa hiyo usipange safari ukizitegemea. Mpe fundi nguo kitambaa cha koti la mvua, upana sentimita 105 na urefu 100. Akikunje katikati ya upana, ashone ubavu na chini mara mbili, na apake gundi kwenye mshono. Unapata mfuko wa kutosha begi la lita 40, na mdomo unabaki mrefu wa kukunja mara tatu kabla ya kufunga.

Vitu vizito, kama chaja na viatu vya akiba, viweke karibu na mgongo, usawa wa katikati. Ukiviweka mbali na mwili, begi litakuvuta nyuma hata likiwa jepesi.

Stendi nayo ina mambo yake. Kabla makanga hajalichukua, funga mkanda wa kiunoni kwa kuuzungusha nyuma, kaza vyote, na ncha zinazoning'inia uzifungie kwa raba. Mikanda mingi haikatiki mlimani. Hukatikia pale begi la kilo 15 linaporushwa kwenye buti au juu ya keria kwa kushikwa mkanda mmoja wa bega. Mpe likiwa limelala, kishikio cha juu kikimwelekea yeye.